Saa Elfu Tatu Kasoro Moja

Karani wa leseni za washauri wa afya ya akili, pale Nebraska, Marekani, hulamba kidole kila anapofunua karatasi, na hukohoa kabla ya kukataa. Leo amekohoa.

"Saa elfu tatu za kushauri wagonjwa chini ya msimamizi, dada. Hapa imepungua moja."

Odette, mwombaji wa leseni, akainama kuikagua fomu yake. Kisha akaona kile kidole kinatetemeka.

"Na wewe, mama, uko sawa kweli?"

Karani akageuza kibao cha "Tumefunga", akamwaga yote: mume kahama, na mbwa kamfuata. Odette akamsikiliza saa nzima bila kumkatiza.

"Mwanangu, umeniponya," karani akasema, akipenga kamasi.

Odette akaisukuma fomu mbele, taratibu. Karani akalamba kidole, akakohoa.

"Hiyo haihesabiki. Hukuwa na msimamizi."