Jointi ya Taa ya Tatu

Naona haya hata kuandika. Kazi ile niliifanya mwenyewe, Kirua Vunjo, kwa mama mmoja mjane: taa tano za nje kutoka barazani hadi getini. Waya niliufukia sambamba na mstari wa masale, ile mimea inayotenganisha kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na cha shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe.

Masika yalipoanza akanipigia simu. "Fundi, nikiwasha taa za nje, breka inajizima. Mvua ikikatika siku mbili tatu, zinawaka."

Fundi yeyote asiye mvivu angejua papo hapo kwamba maji yanaingia mahali. Unafungua taa moja moja, unapima, unasonga mbele. Ni kazi ya asubuhi moja. Lakini mimi nilipanda kutoka Moshi mjini nimenuna, maana sipendi kuitwa kurudia kazi yangu, najiona kama nimetukanwa. Sikupima. Niliona udongo umetoka kupaliliwa kando ya masale, nikajikohoza kitaalamu na kusema, "Mama, hapa waya umepigwa jembe."

Aliyepalilia pale ni shemeji yake, mzee wa miaka sabini na ushee. Tangu kaka yake afariki, ndiye aliyekuwa akimletea yule mama majani ya ng'ombe kila asubuhi. Akaitwa. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikamvaa. Akasema hajagusa waya wowote.

"Mzee, umeme haudanganyi!" nikamjibu, majirani wakisikia.

Loo! Umeme ulikuwa haujasema kitu, niliyesema ni mimi. Na moyoni nilijua kwamba siku ya kufunga zile taa, nilipofika ya tatu, maboksi ya kuungia waya yaliniishia. Nikafunga jointi kwa tepu nyeusi tupu, nikafukia.

Nikaahidi kurudi na waya mpya, halafu nikapiga danadana wiki tatu nzima. Huku nyuma yule mama hakusemezana na shemeji yake, na mzee akaacha kuleta majani.

Niliporudi nilianza kuchimba mpakani. Waya ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo. Nikaenda kwenye taa ya tatu, nikafukua. Jointi yangu ilikuwa imelowa chapachapa, tepu imefumuka, shaba imeota kutu ya kijani. Nikaikata, nikaitia mfukoni, nikaunga upya ndani ya boksi.

Nilikuwa bado nimechuchumaa pale mzee alipopita katikati ya masale, mkononi ameshika jani la masale alilolipiga fundo. Kwa Wachagga, ukiletewa jani hilo hukatai kusamehe. Akamkabidhi shemeji yake kwa mikono miwili.

"Nisamehe, shemeji," alisema. "Labda kweli ni mimi. Macho yangu yamechoka, huenda sikuuona huo waya."

Yule mama akalipokea huku analia.

Haya, fundi, sema sasa! Jointi iko mfukoni, inanilowesha paja. Sikusema. Nilijiambia kwamba wameshapatana, ya nini kuwatibulia. Uongo mtupu. Niliogopa kuaibika mbele yao, basi. Nikawasha taa zote tano mchana kweupe, mzee akapiga makofi, akaja kunishika mkono. "Asante sana, fundi. Mungu akubariki." Nikaitikia amina, mimi huyu, bila hata kupepesa macho.

Juzi yule mama alinipigia kunisalimia tu. Taa zinawaka vizuri, iwe mvua, iwe jua. Majani ya ng'ombe yanaletwa kama zamani. Akacheka, akaniambia kwamba siku hizi shemeji yake akifika mpakani huliweka jembe chini, akapiga magoti na kung'oa magugu kwa vidole, asije akakata waya tena.