Nusu Bei ya Maurine

Siku Maurine alipofika kibandani Kariokor, Githinji alimtazama mikono kwanza, kama anavyomtazama kila fundi anayeomba kazi. Mikono laini. Akajiambia, huyu bei itashuka.

Githinji ni mwenyekiti wa washonaji thelathini wa viatu vya matairi. Alikuwa amewaahidi mtandao wao wenyewe wa kompyuta wa kulipana pesa za ngozi na soli. Usipowaka Jumatatu, kiti kingeenda kwa mpinzani wake, Munyoki.

Maurine, fundi wa mitandao kutoka mtaa wa Mowlem aliyeanza na kurekebisha simu, alifungua kompyuta. Kioo cheusi, maandishi meupe.

"Picha ziko wapi?" Githinji akauliza.

"Hakuna picha, Baba Shiku. Unaandika amri, mashine inatii."

"Kitu haina hata vitufe, nilipe bei ya kitu iko na vitufe? Nusu."

Githinji alingoja kelele za kubishania bei. Maurine akakunja mikono. "Sawa, nusu. Lakini utaandika wewe. Mimi nitasoma tu."

Githinji akaona amepata dezo, nusu ya kazi bure. Siku tatu, vidole vilivyozoea kisu cha tairi viligonga herufi moja moja. Amri Maurine alikuwa amezipa majina ya Kiswahili: andaa, ya kuingiza wanachama na anwani za mashine za vibanda vyao, kagua, ya kutafuta makosa, washa. Githinji akiruka kagua, Maurine anacheka: "Kwani wewe huuza kiatu bila kukipinda kwanza, uone kama kitapasuka?"

Jumatatu asubuhi mtandao uliwaka vizuri, kisha stima ikapotea, taa zikazimika. Iliporudi, mtandao haukurudi nayo. Munyoki akasimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mwenyekiti, tulete lile daftari la zamani?"

Githinji alimpigia Maurine. Alikuwa Kayole kwa mteja mwingine, hakushika simu. Basi akaketi. Kagua. Mashine ikamwambia anwani ya mashine ya Makokha, mmoja wa wanachama, imebadilika. Akairekebisha kwa andaa, akakagua tena, akawasha. Wa kwanza kulipia soli alikuwa Munyoki mwenyewe, akiwa amenuna.

Kiti kilibaki kwa Githinji. Ila sasa mtandao ukilala, thelathini wote wanamwita Githinji, si Maurine. Fundi huyo anachukua kazi katika masoko mengine, simu yake imetulia.

Ijumaa Maurine alikuja kununua viatu. "Baba Shiku, nifanyie nusu."

"Sawa, nusu," Githinji akamsukumia kisu. "Lakini tairi utakata wewe."

Maurine alikitazama kile kisu, akalipa bei nzima.