Mwezi wa Kuja Nyumbani

Mama yangu amekaa miaka ishirini na mbili kwenye dawati lilelile la kampuni ya safari, akijibu swali moja tu: tuje lini? Jibu analo kichwani. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa asubuhi kuna ubaridi, na wanyama wanakusanyika penye maji. Mwezi wa pili na wa tatu, asije mtu: jua linapasua midomo, mito ni mchanga mtupu. Wateja humsikiliza. Sisi nyumbani humtania kwamba hata mvua humpigia simu kuomba ruhusa.

Basi kaka alipopiga Jumapili moja mchana, mwanzoni mwa mwezi wa pili, mama aliweka simu spika, akakaa wima kama yuko ofisini. Kaka yuko ng'ambo mwaka wa sita sasa, na ana mtoto ambaye hatujamwona.

"Mama, nataka kuja. Nije lini?"

"Usithubutu sasa hivi! Mtoto ataungua. Njoo mwezi wa saba."

"Haya, nitaona, Mama."

Mama akakata simu, ameridhika. Baba alikuwa amejilaza kwenye kochi, feni ikimpepea. Tangu astaafu ufundi umeme analala sana, na amekonda. Sisi tulilaumu joto.

"Mpigie tena," akasema. "Aje sasa."

"Wewe naye! Unataka mjukuu wako augue?"

"Mwezi wa saba sitakuwepo, mke wangu."

Mama akacheka. "Kwani unakwenda wapi?"

Baba hakucheka. Akasema taratibu kwamba ini limeharibika, daktari amempa miezi mitatu, na amekaa na siri hiyo wiki tatu kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Nilipigwa na butwaa. Nikakaa sakafuni. Na nilimkasirikia, sitasema uongo: wiki tatu tunakula naye meza moja! Mama alimkodolea macho. Kisha akaipapasa simu, akampigia jirani kwa makosa, akakata, akampata kaka.

"Njoo," akamwambia. "Baba yako anaumwa. Anaumwa sana."

"Najua, Mama." Kaka alikuwa analia. "Aliniambia, akanikataza nisikwambie. Ndiyo maana nilikuuliza, nikitumaini utasema nije sasa."