Siku Mkwe Wangu Alipovaa Glavu

Hii aibu sijamwambia hata mume wangu, na kama hamngenibana hivi singeisema. Chekeni, lakini mkimaliza kucheka mnyamaze nayo.

Kliniki ya hapa kwetu Mitunguu walinipaka ile siki yao ya kupimia kwenye mlango wa kizazi, wakaona kidoa cheupe, wakasema lazima kikatwe kipande kidogo cha nyama kikachunguzwe kama ni kansa. Nilishtuka hadi nikasahau kikapu changu pale. Sasa ningefanyiwa karibu na nyumbani, lakini nesi wa hapo kliniki tunaimba naye kwaya (sauti ya pili, bega kwa bega), nikajiambia siwezi kumpanulia miguu Alhamisi halafu Jumapili tuimbe pamoja. Nikaamua kwenda Embu, mahali hakuna mtu ananijua. Hapo ndipo nilijichimbia shimo.

Kwenye benchi ya hospitali nilikaa karibu na mama mmoja wa Kianjokoma, amenizidi umri kidogo, na ndala za bluu, ambaye binti yake alimbembeleza sana ndio akafika. Kila mlango ukifunguliwa anashika mkoba kama anayetaka kuondoka. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia, "Usiogope mama. Mimi ndio naingia kwanza, utaniangalia nikitoka."

Aliniangalia kweli.

Nikalala kitandani, leso kiunoni, miguu imetundikwa kwenye vile vyuma, macho darini, naomba Mungu. Daktari akaingia na barakoa, akavaa glavu, akaketi kule mwisho, akasema kwa upole, "Mama, utasikia tu kama kufinywa." Hiyo sauti ilikuwa imeombea chakula sebuleni kwangu mwezi uliopita, siku Mugendi alipokuja kujitambulisha kwamba anataka kumwoa binti yangu Kendi (tuliambiwa ni daktari hospitali ya Nairobi, hakuna aliyetuambia amehamishwa).

Nikainua kichwa, naye akainua chake.

"Mama Kendi?"

Jamani, kwetu mkwe akiingia nyumbani unajifunga leso vizuri na kutafuta kiti cha mbali, hata mkono humpi ovyo. Mimi nikapiga nduru, yeye akaruka nyuma akagonga meza, vyuma vyote vikamwagika sakafuni, nami nikatoka mbio na leso moja na miguu mitupu, mbele ya benchi nzima.

Sasa fikirieni wale wamama wamesikia nini: nduru, vyuma, halafu mimi. Benchi ilibaki tupu, na mama wa Kianjokoma ndiye alikuwa mbele ya wote. Nilipomwona anaelekea langoni nikashtuka mara ya pili, vibaya kuliko ya kwanza, kwa sababu nilijua huyu hatarudi hapa maisha yake yote, na ni mimi nimemfukuza. Nikamfuata, mkono mmoja umeshika leso, nikapita magari, nikapita walinzi, hadi karibu na watu wa bodaboda.

"Mama, ngoja! Si uchungu, ni mkwe!"

Ndala yake moja ilikuwa imekatika, ndio nikamfikia.

"Mkwe amefanya nini?"

"Ndiye daktari. Ameniona."

"Ameona yote?"

"Yote."

Akakaa kwenye nyasi akacheka hadi machozi, na wale wa bodaboda, waliosikia kila neno, wakageukia upande mwingine kwa heshima. "Ata mimi ningekimbia," akasema. "Wangu ata chai siwezi kunywa akiniangalia."

Tulirudi tumeshikana mikono. Mugendi alikuwa ameondoka, akamwachia kazi daktari mwanamke. Nikaingia mimi kwanza, na ni kufinywa kweli, halafu tumbo likauma kama la siku za mwezi, basi. Nikatoka nikitembea polepole, nikitabasamu kwa nguvu. Yeye akaingia.

Majibu yangu yalikuwa safi. Yake hayakuwa. Alinipigia simu akaniambia ni kansa, lakini wameikuta ingali changa na wameshaanza kumtibu, nami nikakaa chini kwenye migomba nikalia.

Mugendi alileta mahari, tukasalimiana kila mtu akiangalia paa. Nimeapa sitapanda tena kitanda cha hospitali kabla sijauliza jina la daktari, na nikikimbia nitakimbia kimya. Lakini usingizi ukikosekana huwa nafikiria ile ndala, kama isingekatika.