Barua za Mama kwa Baraza la Dunia

Nyumba tuliyopanga Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, na uani tulifagia kwa zamu. Mtaro ukiziba, kila chumba kilikuwa na jibu lile lile: si zamu yangu. Mama hakuwa na subira na jibu hilo. Aligonga milango kwa mpini wa ufagio mpaka mtu atoke.

Kaka yangu alikuwa askari wa mkoloni, kapelekwa kupigana Asia katika vita ambavyo hakuna aliyeweza kutueleza vilituhusu nini. Wajumbe wa baraza la dunia walipokuja Dar es Salaam kutazama tunavyotawaliwa, mama alinikalisha na kalamu.

"Andika. Kazi yenu ni amani. Nirudishieni mwanangu."

"Mama, mambo hayaendi hivyo."

"Nimekwambia andika!"

Jibu lilichukua miezi. Karatasi nzuri, muhuri mzuri, Kiingereza kirefu cha kutia kichefuchefu. Kamati iliyokuja kwetu, walisema, inashughulika na nchi zilizo chini ya udhamini tu, yaani kama yetu, zilizokabidhiwa taifa jingine kuzitawala kwa muda. Vita ni kazi ya baraza jingine. Barua yetu wameipokea kwa shukrani. Shukrani ya nini, jamani?

Nilimtafsiria mama huku nimefura.

"Kumbe nao wamepanga vyumba," alisema. "Haya, huyo mwingine mlango wake uko wapi?"

Nikaandika tena, nikiwa nimechoka na baraza, na kamati, na mama mwenyewe. Yeye alikuwa na uhakika. Kila Ijumaa alianika godoro la kaka, asije akalikuta na unyevu.

Aliyekuja ni askari mgeni, kofia mkononi. Mama alipiga ukelele mmoja tu. Wapangaji wote wakatoka. Uani ukafagiliwa, mikeka ikatandikwa, maji yakachotwa, na hakuna aliyeuliza zamu ya nani. Kaka alikuwa amekwisha kuzikwa huko huko.

Jibu la baraza la pili lilifika wiki ya arobaini yake. Walisikitika kwamba, kwa kuwa sisi ni nchi ya udhamini, barua yetu ilipaswa kupelekwa kwa ile kamati ya kwanza. Nilitamani kuichana vipande vipande.

"Wanasemaje?" mama aliuliza.

Nikamwambia. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kutafuta kalamu.

"Acha," alisema. "Hakuna tena wa kurudishwa."