Sare Niliyomshonea Mkorea

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka kumi na mitano nimeshona sare za harusi za watu wengine hadi nimezichukia. Kitambaa kimoja, mshono mmoja, wanawake thelathini. Mwembamba na mnene, msichana na bibi yake, wote shingo ile ile, mikono ile ile. Kwetu huku Moshi hakuna harusi wala kipaimara bila sare, na asiyevaa hujulikana kwamba ana neno moyoni.

Mdogo wangu alipochumbiwa, nilimwambia mama kwamba kwenye sendofu, ile sherehe yetu ya kumuaga bibi harusi, ningevaa gauni la bluu nililolibuni mwenyewe. Mama alikuwa anamenya ndizi za supu ya mtori jikoni kwake Kirua, juu mlimani. Hakuinua macho.

"Dada wa bibi harusi avae peke yake? Kwani umefiwa?"

"Mama, nimechoka kufanana na watu."

"Sasa utafanana na nani?"

Swali lile lilinikasirisha. Nina miaka thelathini na sita, sijaolewa, na mdogo wangu ananitangulia. Nilijua watu watanitazama. Nilitaka wanitazame kwa nilichochagua, si kwa nilichokosa. Angalau ndivyo nilivyojiambia wakati ule, siku hizi sina hakika.

Nilikuwa na mpangaji Mkorea katika nyumba yangu ya Kiboriloni, mwanamke aliyekuja kufundisha kompyuta kwenye chuo kimoja mjini. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka kuliko changu. Siku ya kwanza, kabla hata hajauliza choo kiko wapi, aliniuliza nina miaka mingapi. Nikaona huyu hana adabu. Kumbe kwao mtu hawezi kuzungumza na mwenzake vizuri kabla hajajua nani mkubwa. Nilimzidi miaka miwili, na tangu hapo akaniita dada, hata siku alizonikasirikia. Nikamwambia asijione wa pekee, sisi tuna shikamoo.

Korea mimi niliijua kutoka kwenye tamthilia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Msichana ana chumba chake ghorofani, ana ufunguo wake, anakunywa kahawa dirishani, hakuna shangazi wa kumgongea mlango. Nilipomwambia hivyo alicheka hadi akakaa sakafuni.

"Dada, uliangalia mpaka mwisho? Shangazi wanaingia sehemu ya tatu."

Kisha akanisimulia. Ofisini kwao Seoul, wakienda kula na bosi, bosi akiagiza supu meza nzima inaagiza supu, na hakuna anayenyanyuka kabla yake. Sikukuu ya mavuno ukoo ukikutana, anaulizwa ataolewa lini, na kwa nini amenenepa. Majira ya baridi karibu kila mtu huvaa koti refu jeusi. Mwaka mmoja yeye alinunua la njano. Alilivaa siku moja. Kutwa nzima hakuna aliyemwambia kitu, si zuri, si baya, na jioni akalikunja akalirudisha kwenye mfuko lililotoka nao dukani.

"Wangenicheka ningefurahi," alisema. "Walininyamazia tu."

Ndiyo maana aliondoka, akaja mbali, mahali ambapo hakuna anayejua anatakiwa aweje. Mama yake hakumwelewa. Kila Jumapili binti alimpigia simu, na kila Jumapili mama yule aliuliza hali ya hewa, basi. Nilimpenda sana mpangaji wangu kwa ajili ya koti lile. Nikasema nimepata mtu wa upande wangu, nikamwita chumbani nikamwonyesha gauni langu la bluu. Alilishika, akalisifu, kisha akaniuliza kama na yeye angeweza kushonewa sare.

Nilidhani ananitania. "Wewe? Wewe uliyekimbia makoti meusi?"

Alifikiri kidogo. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, tabia ambayo mimi sina. "Koti jeusi hakuna aliyenikaribisha nilivae," alisema. "Nilitakiwa nijue mwenyewe. Mama yako amekuja hapa, ameniuliza mara mbili kama nimepata kitambaa."

Sikumwelewa. Hata leo namwelewa nusu. Nilihisi kama nimepanga safari na mtu, halafu nimefika stendi nikamkuta amepanda basi la kurudi. Kitambaa cha sare, cha zambarau, kilikuwa kimeshakwisha kwa kamati ya sherehe, kimebaki kipande kimoja tu, changu, ambacho mama alikuja kukiweka juu ya cherehani yangu akaondoka. Kwa hasira, au kwa ukarimu, sijui kipi kilitangulia, nikakichukua hicho hicho nimshonee Mkorea. Yeye alikuwa mdogo wa mwili, nusu yangu. Nilimpima, nikakata, nikashona kwa mchana mmoja.

Siku ya sendofu tulipanda Kirua asubuhi. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilikuwa imeshapambwa, pombe ya mbege inazunguka, na mimi nimevaa bluu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na majibu matano kichwani, mengine ya adabu na mengine hapana. Hayakutumika hata moja. Shangazi zangu, ambao husema hata viatu vya padri, walinisalimu, wakaniuliza habari za kazi, wakanipa sahani ya kiburu, ndizi na maharage, na kuhusu gauni hawakusema kitu. Kutwa nzima. Ndipo nikalielewa lile koti la njano, na ule ulikuwa uelewa ambao sikuuomba.

Jioni mpiga picha akaita, "Dada wa bibi harusi, wenye sare, njooni huku!" Mkorea alinitazama. Nikampungia mkono aende. Akaenda kusimama kulia kwa mdogo wangu, mahali pangu, na mama akamnyoosha kola kama alivyokuwa akininyoosha mimi nikienda shule. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenizuia. Nilikuwa huru kabisa pale kando ya migomba, nimeshika kijiko cha mtu mwingine, na nilitaka kulia na sikujua namlilia nani.

Picha ile iko sebuleni kwa mama. Wageni wakiuliza huyu Mchina ni nani, mama hujibu, "Si Mchina, ni Mkorea, ni mwanangu." Hakuna anayeuliza mimi niko wapi. Mkorea naye aliituma kwao, na Jumapili iliyofuata mama yake hakuuliza hali ya hewa. Aliuliza gauni lile kashona nani. Mkorea alinihadithia huku anafuta machozi, na mimi nikajifanya natafuta sindano.

Mkataba wake ulipokwisha alipanda Kirua kuaga. Gauni alimwachia mama, limefuliwa, limepigwa pasi. Wiki moja baadaye mama akateremka mjini, akaingia dukani kwangu na mfuko, akalitoa gauni, akaligeuza ndani nje. Akapitisha vidole kwenye mishono ya ubavuni, polepole, upande huu na ule.

Fundi akishona huacha kitambaa kidogo ndani ya mshono, upana wa kidole, ili mtu akinenepa nguo iweze kupanuliwa. Mimi nilikuwa nimeacha vidole vinne kila upande. Pindo nilikuwa nimelikunja mara tatu, nikalishikiza kwa mkono, badala ya kulikata. Naapa sikumbuki kuamua kufanya hivyo. Nilimpima Mkorea, nikaandika vipimo vya Mkorea, na mkasi ukafuata mwili mwingine.

"Hili ulimshonea nani?" mama aliuliza.

Nilimwambia sijui, na ilikuwa kweli. Alichukua wembe mezani kwangu, akavuta kiti, akaanza kufumua. Nilitaka kumnyang'anya, na nilitaka amalize upesi. Nilisimama pale nimeshika futi ya kupimia, mimi fundi, nikimwangalia mtu ambaye hajawahi kushona hata kifungo akiufungua mshono wangu uzi kwa uzi.

Alipomaliza alisimama, akalikung'uta gauni, akaliinua mpaka mabegani kwangu.

"Geuka," alisema.

Nikageuka.