Dawati Kwenye Mlolongo wa Mzee Abdi

Nimeaibika mara nyingi maishani, lakini aibu zangu nyingine zilionwa na watu wawili watatu, wakacheka, wakasahau. Hii moja iliangaliwa na lokesheni nzima, ikahesabiwa na karani na kuandikwa kwenye kitabu cha serikali, kwa hiyo hata nikitaka kukana siwezi, na ndiyo maana nawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine akiongeza chumvi.

Wakati huo nilikuwa fundi wa nguo hapa Eldoret, cherehani yangu iko kwenye veranda ya duka la vitambaa, na moyo wangu ulikuwa na mlango mbovu. Hayo si maneno yangu, ni ya daktari wa misheni kule Plateau, ambaye alinichorea kwenye karatasi akanionyesha kwamba moyo una milango midogo, wenyewe wanaiita vali, inafunguka damu ipite halafu inafunga, na mmoja wangu ulikuwa umekakamaa kwa sababu ya ugonjwa wa koo na viungo ulionishika nikiwa mtoto (sisi tulidhani ni malaria, kwetu ziwani kila kitu kilikuwa malaria). Nikipanda ngazi tano nilikuwa nahema kama mtu aliyefukuzwa na ng'ombe. Dawa ilikuwa moja tu, kwenda Nairobi kupasuliwa kifua, na siku ya kulazwa nilikuwa nimeshapewa. Kitu kimoja kilibaki. Hospitali ilitaka watu sita wa kunitolea damu, na bila hao sita, nafasi yangu ingepewa mgonjwa mwingine na mimi ningerudi nyuma ya foleni, na daktari wa Plateau aliniambia pole pole, akiangalia dirisha, kwamba foleni ile mimi singeimaliza.

Niliwaandikia ndugu zangu wote barua. Walijibu kwamba wananiombea sana.

Hapo ndipo nilipomwendea Mzee Chumo, mwenye kinu cha posho, aliyekuwa anagombea udiwani. Tulikubaliana kiume: mimi niwashonee vijana wake mashati arobaini ya kijani bila malipo, na yeye, uchaguzi ukiisha, anipe vijana sita wenye damu nzito. Zaidi ya yeye na mke wangu Rosa, hakuna aliyejua kwamba mimi ni mgonjwa, na nilitaka ibaki hivyo (nani atampelekea nguo ya harusi fundi anayeweza kufa kabla hajashona mikono?). Rosa aliniambia kuficha maradhi ni ujinga, nikamwambia yeye hajui biashara.

Siku ya uchaguzi ikafika. Vijana wa leo hamjui, lakini miaka ile chama kilikuwa kimoja, na kura ilikuwa ya siri kama arusi: unasimama nyuma ya mtu umtakaye, mchana, uwanjani, majirani wote wanakutazama, na karani anapita akiwahesabu kama mbuzi wa mnada. Nilivaa shati moja la kijani nililoshona mwenyewe ili Mzee Chumo anione vizuri. Akaniona, akanipungia mkono. Mlolongo wake ulizunguka uwanja wa shule ya msingi ukapanda hadi kwenye goli la juu, na upande wa pili, pembeni mwa darasa la nne, ulikuwepo mlolongo wa mpinzani wake, Mzee Abdi, Msomali mwenye malori matatu, nao ulikuwa na watu kumi na mmoja, madereva wake, majirani wachache wa dukani, na nyanya mmoja muuza mayai. Kwa vile hakuna aliyegombania nafasi upande ule, wao ndio walipata kivuli. Na kwa sababu ya yule nyanya, walikuwa wametoa dawati nje.

Hilo dawati nililiona saa nne. Kufikia saa sita nilikuwa sioni kitu kingine chochote duniani.

Jua lilikuwa kali, miguu imevimba hadi viatu vinabana, moyo unapiga kama nguo inayopepea kwenye kamba, na wale vijana wa mashati yangu wanaimba na kuruka na kunivuta bega niruke nao. Ningeweza kumwambia jirani yangu, "Mimi naumwa, nishikie nafasi nikae chini." Maneno machache tu. Badala yake nilitoka polepole, nikijifanya nataka kusalimia mtu, nikavuka uwanja mzima na shati langu la kijani, nikamwomba yule nyanya asogee kidogo, nikakaa. Nilijiambia ni dakika mbili. Aliniuliza kama niko sawa nikamjibu nakagua mshono wa suruali.

Filimbi ikalia.

Sheria ilikuwa kwamba filimbi ikilia hakuna kuhama mlolongo, na askari walikuwa wamesimama katikati na rungu kuhakikisha. Nilijaribu kuinuka, magoti yakakataa. Nikajaribu tena, askari mmoja akaniambia nitulie hapo hapo nilipochagua. Nikamwambia mimi ni wa upande ule, akaniuliza sasa huku nafanya nini, na hapo, ndugu zangu, Mungu alikuwa amenifungulia mlango wa pili wa kusema ukweli, lakini uwanja ulikuwa umenyamaza na watu wote wananitazama, wakiwemo wateja wangu, nikasema, "Napumzika tu." Watu wakacheka. Karani alianzia kwetu kwa sababu tulikuwa wachache, akapita akigusa mabega, akafika kwangu akanigusa na kalamu na kusema kwa sauti kubwa, "Kumi na wawili."

Mzee Chumo alishinda kwa mamia. Kura yangu haikumpunguzia kitu, hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kumwambia hivyo, lakini alikuwa ameketi mbele akiangalia kila kitu na hakunipungia mkono tena. Kesho yake nilienda kwake kinuni kumweleza. Alinisikiliza akipukuta unga mikononi, halafu akasema, "Fundi, wewe umekaa na Abdi mbele ya watu wangu. Sasa mimi nitawaambiaje hawa vijana wakupe damu yao?" Nikamkumbusha mashati. Akasema mashati ni mazuri, asante.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Rosa. Nilidhani atanigombeza, afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye kitanda akalia bila sauti, amefunika mdomo na leso, na mimi nikaogopa kufa kwa mara ya kwanza, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa naogopa tu kujulikana. Zilibaki siku nne. Nilishika cherehani nikashona mfuko wa suruali mara tatu na mara tatu nikaufumua.

Siku ya pili Mzee Abdi akaja kwenye veranda, na kofia yake na fimbo, akavuta stuli akakaa. Mji mzima ulikuwa umeshajua habari ya damu, maana Mzee Chumo aliisimulia kinuni kama kichekesho. Mzee Abdi hakuzunguka. Aliuliza wanatakiwa wangapi, nikasema sita, akauliza Nairobi ni lini, nikamwambia. Akasema lori lake linapeleka mahindi siku ileile, mimi na Rosa tutakaa mbele na dereva.

Basi ndivyo nilivyoenda kupasuliwa, ndani ya lori, na juu ya magunia wakiwa wamekaa watu watano wa mlolongo mfupi, na wa sita ni Mzee Abdi mwenyewe aliyetangulia kwa gari lake. Yule nyanya naye alitaka kutoa damu, akaambiwa umri umepita, akanipa mayai. Dereva mmoja, mwanaume mrefu kama mlingoti, alizimia alipoona sindano, akamwagiwa maji, akaamka akasema endeleeni. Walitoa wote sita.

Sitawaeleza habari ya kupasuliwa kwa sababu nilikuwa nimelala. Naweza kuwaeleza habari ya kukohoa baada ya kupasuliwa, lakini mnakula. Siku ya tisa Mzee Abdi alipita wodini kunijulia hali, nikamwona ameketi pale, na dhamiri ikanibana kuliko mshono, kwa sababu Eldoret nzima walikuwa wanasema yule fundi ni jasiri, alimwacha Chumo hadharani na moyo mgonjwa hivyo, na mimi sikuwa nimemkanusha mtu. Nikamwambia, "Mzee, mimi lazima niseme ukweli. Siku ile sikuja kukupigia kura. Nilikuwa natafuta mahali pa kukaa."

Akanitazama. "Najua," akasema. "Mtu akija kupiga kura midomo yake haiwi ya bluu namna ile. Hata nyanya alijua."

Nikamuuliza kama alijua, basi damu ile aliniletea ya nini.

Alichukua fimbo yake, akainuka, akanitengenezea blanketi miguuni kama mtu asiye na haraka.

"Karani alikuhesabu kwangu," akasema.

Tangu siku ile nimeweka nadhiri, na Rosa ni shahidi: nikifika penye foleni yoyote, iwe benki, iwe posta, iwe matangani, kabla sijasalimia mtu natangaza kwa sauti kwamba mimi nina moyo uliopasuliwa na naomba kiti. Watu wananitazama. Acha wanitazame. Uchaguzi uliofuata nilifika uwanjani saa mbili asubuhi na stuli yangu mwenyewe, nikaiweka nyuma ya Mzee Abdi, nikakaa.